Sura ya Nne: Saa Kumi Alfajiri, Saa Kumi Jioni

Kiangazi kinapoingia Japani na mabwawa ya kuogelea kufunguliwa, chekechea nyingi huwapa wazazi kadi ndogo ya kujaza kila siku. Asubuhi, kabla mtoto hajavaa viatu, mama au baba humbana kipimajoto kwapani, husubiri kilie, kisha huandika kwenye kadi: 36.4, au 36.8, au 36.6. Pembeni hugonga muhuri wa jina la ukoo. Mtoto aliyekuja bila kadi, au ambaye kisanduku chake cha joto hakikujazwa, siku hiyo haingii majini. Atakaa kivulini akiwatazama wenzake wakirushiana maji.

Kadi hiyo ilibuniwa ili mtoto mwenye homa asiingie bwawani. Lakini joto linaloandikwa pale lina habari nyingi kuliko homa. Saa aliyolala mtoto jana imo. Saa aliyoamshwa leo imo. Hata mbio alizokimbia jana jioni, au alizokosa kukimbia, zimeacha alama yake. Katika sura hii tutajifunza kulisoma joto la mtoto kama tunavyosoma saa ya ukutani. Tutaona pia kwa nini mchezo wa jioni, ambao wazazi wengi huuhesabu kuwa ni kupoteza muda, ni njia mojawapo ya kuitia saa hiyo ufunguo.

Namba iliyotoka Leipzig

Muulize mtu yeyote joto la mwili wenye afya ni kiasi gani, atakujibu nyuzi 37. Namba hiyo ina mwenyewe. Daktari Carl Wunderlich wa Leipzig, Ujerumani, alichapisha mwaka 1868 kitabu kilichotokana na vipimo zaidi ya milioni moja vya wagonjwa wapatao 25,000. Haikuwa kazi nyepesi. Kipimajoto cha zebaki cha siku zile kilikuwa na urefu wa karibu futi nzima, na kilitakiwa kukaa kwapani robo saa au zaidi ndipo kisomeke. Katika rundo lote hilo la vipimo, dunia ilichukua namba moja, ikayaacha mengine. Na katika hayo yaliyoachwa limo jambo zito kuliko namba yenyewe: Wunderlich aliona kuwa joto la mtu yule yule hushuka kuelekea alfajiri na hupanda kuelekea jioni.

Mwaka 1992 Philip Mackowiak na wenzake wa Maryland, Marekani, waliirudia kazi hiyo kwa vipimajoto vya kisasa, wakawapima watu wazima 148 wenye afya. Wastani wao ulikuwa nyuzi 36.8. Joto lilikuwa chini kabisa saa 12 asubuhi, na juu kabisa kati ya saa 10 na saa 12 jioni.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati yake. Saa ya Mzungu huanza kuhesabiwa usiku wa manane, watu wakiwa wamelala fofofo. Yetu huanza jua linapochomoza, na ya mwili vivyo hivyo. Saa kumi alfajiri, usiku unapokaribia kumaliza hesabu yake, joto limefika sakafuni au linakaribia kufika. Kunapambazuka, linaanza kupanda. Saa kumi jioni, mchana nao unapokaribia kumaliza hesabu yake, joto limegusa dari. Kutoka sakafuni hadi darini ni kama nusu nyuzi kwa mtu mzima, na kwa mtoto huweza kufika nyuzi nzima. Kwa hiyo mtoto mwenye 36.3 asubuhi na 37.2 jioni hajabadilika afya. Ni saa tu iliyotembea.

Maji na mawimbi

Mdadisi atauliza: je, si kwamba mchana tunatembea, tunabeba na tunapanda ngazi, ndiyo maana tunapata joto, na usiku tunalala, ndiyo maana tunapoa? Swali hili ni la haki, na mtu mmoja aliingia chini ya ardhi kulitafutia jibu.

Juni 1938, Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago na mwanafunzi wake Bruce Richardson walihamia ndani ya pango la Mammoth, jimboni Kentucky, wakakaa humo siku 32. Pangoni hakuna alfajiri wala magharibi, na hewa yake ni nyuzi 12 wakati wote. Wawili hao walijitungia siku yao wenyewe ya saa 28: saa 19 macho, saa 9 kitandani, na juma la siku sita. Kama joto la mwili lilikuwa likiufuata mwendo tu, lingeifuata siku hiyo mpya. La Richardson, aliyekuwa kijana, lilifuata. La Kleitman, mwenye umri wa miaka 43, liligoma. Liliendelea kupanda na kushuka kwa siku ya saa 24, liwe linapatana na ratiba ya pangoni au la.

Baadaye wengine waliwalaza watu kitandani mchana na usiku, wakiwa macho, taa ikiwa hafifu, chakula kikija kidogo kidogo kwa vipimo sawa. Hata hapo joto lilipanda na kushuka. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani waliokuwa wakichunguza panya walionyesha mahali saa hiyo ilipo: kishada kidogo ndani ya ubongo, juu tu ya pale mishipa ya macho inapopishana. Kwa binadamu kina seli elfu kumi kadhaa hivi. Kukaa kwake karibu na mishipa ya macho kunaeleza mengi, kwa sababu saa hii husahihishwa na mwanga, hasa mwanga wa asubuhi.

Hata hivyo mwendo nao una lake, na mtu wa pwani atalielewa jambo hili upesi. Bahari hujaa na kupwa kwa ratiba yake, haimwombi mtu ruhusa. Juu ya maji hayo yako mawimbi, ambayo ni kazi ya upepo. Aliyesimama ufukoni akaona maji yamemfika magotini hawezi kujua kwa kutazama mara moja kama bahari imejaa au ni wimbi lililopita. Kipimajoto kiko vivyo hivyo. Kinapoonyesha 37.4, ndani yake kuna joto la saa, ambalo ni maji kujaa, na kuna joto la misuli, ambalo ni wimbi. Kwa mtu mzima anayeshinda kwenye kiti, mawimbi ni madogo. Kwa mtoto ni makubwa, na sababu zake ziko katika umbo lake.

Tanuri la kilo ishirini

Mtoto hazaliwi na saa hii ikiwa imekwisha kufungwa. Wiki za mwanzo joto lake la usiku halina tofauti kubwa na la mchana. Watafiti wa Leicester, Uingereza, waliopima joto la watoto wachanga usiku kucha majumbani kwao, walieleza mwaka 1991 kuwa mtoto anapokaribia miezi mitatu ndipo joto lake linapoanza kushuka chini ya nyuzi 36.5 baada ya kulazwa, mithili ya mtu mzima. Mama huliona hilo bila kipimajoto chochote. Ndio umri ule mtoto anapoacha kuugeuza usiku kuwa mchana.

Sasa mchukue mtoto wa miaka mitano au sita mwenye kilo 20. Akiwa amelala tu, mwili wake huzalisha joto la wati 45 hivi, sawa na balbu moja ya zamani yenye uzi wa kuwaka. Mtu mzima wa kilo 70 huzalisha wati 85 hivi. Ukigawa kwa kilo, mtoto anawaka karibu mara mbili ya baba yake. Kama joto hilo lisingepata pa kutokea, lingempandisha zaidi ya nyuzi mbili kila saa, naye hajainuka hata kitandani.

Kisha anainuka. Misuli ni mashine yenye upotevu mkubwa, kwani katika kila sehemu nne za nishati inayotumia, takriban moja ndiyo inayokuwa mwendo, na tatu zilizobaki hugeuka joto. Tena miguu ya mtoto ni mifupi. Ili aende sambamba na mkubwa hupiga hatua nyingi zaidi, na kila kilo yake hulipa gharama kubwa zaidi. Ndiyo maana robo saa ya kukimbizana yaweza kumfikisha nyuzi 38 au zaidi kidogo bila ugonjwa wowote. Akikaa kivulini na kunywa maji, wimbi hutulia.

Kutoa joto hilo nako ana njia yake. Ngozi ya mtoto ni nyingi ukiilinganisha na uzito wake, na damu yake hukimbilia ngozini haraka, ndiyo maana mashavu huwaka anapocheza. Jasho lake ni kidogo kuliko la mtu mzima. Kwa sababu hiyo, kwa miongo mingi madaktari walimwona mtoto kuwa dhaifu mbele ya jua. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilibadili msimamo huo. Kilisema kuwa mtoto mwenye afya, akipata maji, mapumziko na mavazi mepesi, hustahimili mazoezi ya joto kama mtu mzima. Ila hewa inapokuwa na joto kuliko ngozi, ule wingi wa ngozi hugeuka mlango wa kuingizia joto badala ya kulitoa. Mchezo wa saa saba mchana juani si sawa na wa saa kumi jioni.

Na mwili wa mtoto hujifunza. Mjapani Yas Kuno, aliyetumia maisha yake kuchunguza jasho na kuchapisha kitabu kikubwa juu yake mwaka 1956, alihesabu vitundu vya jasho vinavyofanya kazi katika ngozi za watu wa nchi mbalimbali. Wajapani walikuwa na wastani wa milioni 2.3, Wafilipino milioni 2.8, Warusi milioni 1.9. Mjapani aliyekulia nchi ya joto tangu utotoni alikuwa na vitundu vingi kama wenyeji wake, lakini aliyehamia huko akiwa mtu mzima alibaki na hesabu ya kwao. Idadi hiyo hupangwa katika miaka michache ya mwanzo wa maisha, kisha mlango hufungwa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, nao hawakuwa na darubini.

Waliolala saa nne usiku

Turudi Japani, kwa kuwa ndiko jamii nzima iliposhtuka na kuitazama saa ya watoto wake.

Kila baada ya miaka kumi, utafiti wa afya ya watoto wadogo nchini humo huwauliza wazazi saa za kulala. Mwaka 1980, watoto wa miaka mitatu waliokuwa wakilala saa 4 usiku au baada ya hapo walikuwa asilimia 22. Mwaka 1990 walifika asilimia 36. Mwaka 2000 walikuwa asilimia 52. Zaidi ya nusu ya watoto wa miaka mitatu wa nchi moja walikuwa macho wakati ambao bibi zao, wakiwa na umri ule, walikuwa katikati ya usingizi.

Tazama hesabu ya mtoto mmoja wa aina hiyo. Analala saa 5 usiku, na saa yake ya ndani imesogea kumfuata. Saa 1 asubuhi anaamshwa, maana chekechea haisubiri. Ukutani ni saa moja, lakini mwilini mwake bado ni usiku, na joto ndiyo kwanza linatoka sakafuni. Kipimajoto kikionyesha chini ya 36, mama hushangaa. Mtoto hana hamu ya kula. Akifika uwanjani hukaa pembeni, kwa kuwa misuli iliyopoa haitaki kukimbia. Asipokimbia mchana, usiku hauna uchovu wa kumlaza, na joto lake linafika darini kwa kuchelewa, wakati wa chakula cha usiku au baada yake. Saa 5 imefika tena, naye yuko macho.

Profesa Akira Maehashi wa Chuo Kikuu cha Waseda ni miongoni mwa waliofuatilia mduara huu kwa miaka mingi, akilinganisha joto la makwapani la watoto wa chekechea na saa zao za kulala na michezo yao. Ushauri wake ni kuukata mduara mahali pamoja, yaani mchezo wa nje. Kipindi cha kuanzia saa 9 hadi saa 11 jioni amekiita saa za dhahabu za mtoto. Wakati huo mwili umekwisha kupata joto wenyewe, misuli iko tayari, na mtoto anataka kukimbia bila kuambiwa. Akicheza hadi atoke jasho, jioni atakula vizuri, na usiku hatabembelezwa.

Mwili una sababu ya kukubaliana naye. Ili usingizi uje, joto la ndani lazima lianze kushuka, na mwili hulishusha kwa kupeleka damu ya moto mikononi na miguuni ili ipoe. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha kuwa miguu kupata joto ni dalili nzuri ya kuonyesha kuwa usingizi uko karibu. Mlezi yeyote aliyeshika viganja vya mtoto anayesinzia anaifahamu dalili hiyo. Mchezo wa saa kumi huipa safari hiyo nafasi, kwani wimbi hupanda na kutulia kabla ya saa ya kulala. Mbio za sebuleni saa 3 usiku huinua wimbi wakati maji yanapaswa kupwa.

Kuna pia suala la taa. Shigekazu Higuchi na wenzake, nao wa Japani, walichapisha mwaka 2014 ulinganisho wa watoto wa shule ya msingi na watu wazima chini ya mwanga mkali wa usiku. Melatonini, homoni inayoutangazia mwili kuwa giza limeingia, ilizimwa kwa watoto karibu mara mbili ya ilivyozimwa kwa wakubwa. Jicho la mtoto huingiza mwanga mwingi. Sebule ambayo kwa baba ni jioni tulivu, kwa mwanawe bado ni alasiri.

Mwaka 2006 wizara ya elimu ya Japani ilisaidia kuanzisha kampeni ya taifa yenye jina lililo pia maagizo yake yote: Hayane, Hayaoki, Asagohan, yaani lala mapema, amka mapema, kula chakula cha asubuhi. Mwaka 2010 wazazi walipoulizwa tena, wa miaka mitatu waliolala saa 4 usiku au baadaye walikuwa wameshuka hadi asilimia 31. Kampeni peke yake haiwezi kudai sifa yote, lakini tabia ya nchi nzima ilikuwa imegeuka ndani ya miaka kumi.

Wajapani walikuwa pia na mazoea ya zamani ya kuegemea. Tangu mwaka 1928 redio yao imekuwa ikitangaza mazoezi ya viungo yanayoongozwa na muziki, na kipindi cha asubuhi husikika saa 12:30. Wakati wa likizo ya kiangazi watoto wa mtaa hukusanyika bustanini na kadi shingoni, wakanyoosha mikono na kurukaruka pamoja na wazee, kisha kadi ikagongwa muhuri. Wengi huenda kwa ajili ya muhuri. Lakini ndani ya dakika kumi hizo wamepata mwanga wa asubuhi machoni, na misuli imeongeza wimbi lake juu ya joto linalopanda.

Kipimajoto mkononi mwako

Maarifa haya yana kazi hata mbali na Japani, hasa kwetu ambako joto la mtoto huamsha hofu ya malaria. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa vituo vya afya huhesabu kuwa homa joto la kwapani la 37.5 na kuendelea. Mtoto aliyetoka kucheza rede saa kumi na moja jioni anaweza kuugusa mpaka huo akiwa mzima kabisa. Mkalishe kivulini, mpe maji, subiri nusu saa au zaidi kidogo, kisha pima. Kama wimbi lilikuwa la mchezo, litakuwa limeshuka au linashuka. Likibaki juu, au mtoto akiwa amelegea, anakataa kula au anatapika, hiyo ni dalili ya ugonjwa. Mpeleke akapimwe, wala usianze kumpa dawa ya malaria kwa kukisia.

Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi. Homa nayo hupanda juu ya maji yale yale ya saa, kwa hiyo mara nyingi huwa kali jioni na hupungua asubuhi. Mtoto aliyechemka usiku kucha anaweza kuamka na 37.1, mzazi akashukuru na kuahirisha safari ya zahanati. Kupungua kwa saa kumi na mbili asubuhi si kupona. Mwambie mhudumu kuwa usiku alikuwa na homa, hata kama kipimajoto chake hakionyeshi kitu, kwa sababu miongozo ile ile inamtaka aihesabu homa iliyosimuliwa.

Ukitaka kumjua mtoto wako akiwa mzima, mpime siku chache mfululizo mara mbili kwa siku, anapoamka na saa kumi jioni kabla hajatoka kucheza, kwapa lile lile, kipimajoto kile kile. Utapata sakafu yake na dari yake. Siku atakapougua utakuwa na cha kulinganishia, tena cha mtoto wako mwenyewe, kuliko namba ya watu wazima wa Leipzig waliokufa zamani.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa kutosha kuwapandisha pumzi, na wa miaka 3 na 4 wapate dakika 180 za mwendo wa aina mbalimbali, pamoja na usingizi wa saa 10 hadi 13. Familia nyingi za mjini huzikosa dakika hizo kwa sababu moja: saa kumi jioni mtoto yuko ndani ya basi la shule, au tuisheni, au mbele ya televisheni. Joto lake limefika darini, misuli iko tayari, na hakuna uwanja.

Mzazi, ratiba yote ya mtoto haiko mikononi mwako, lakini saa mbili za siku unaweza kuzitetea. Ikifika saa kumi jioni, mfungulie mlango acheze. Ikifika saa mbili usiku, punguza taa, umlaze.